Mwaka Ambao Dada Alihesabu Tai

Dada yangu Generoza tulimzika Nkwenda, kwenye kibanja cha mumewe, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Mwanawe wa kwanza, Jovini, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea mikutano: marehemu alizaliwa Kituntu, akasoma shule ya msingi hukohuko, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto sita, akawa mlezi wa jumuiya na mwimbaji wa kwaya, akaugua ini, akafariki. Nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na wanawake wa ukoo, miguu imekufa ganzi, nikisubiri asome mwaka mmoja ambao nilijua hauwezi kuwamo. Haukuwamo. Kati ya mtoto wa pili na wa tatu Jovini alivuta pumzi, akafunua karatasi, akaendelea. Mwaka ule wa maisha ya dada yangu ulipita katika pumzi ile.

Baadaye, tulipokuwa tunakula chakula cha msiba, ndizi na nyama kwenye sahani za plastiki, mwanawe wa pili, Anatolia, alisogea karibu yangu akaniuliza kama wasifu ulikuwa sawa, maana kwa upande wa ukoo wa mama yake nimebaki mimi tu. Nikamwambia ulikuwa sawa. Ni mtu mzima sasa, ana watoto wake, ana mikono ya mama yake, mipana na yenye vidole vifupi. Hajui kwamba aliwahi kufunguliwa kutoka mgongoni mwa mama yake mbele ya watu. Hajui kwamba mama yake aliwahi kuondoka, wala kwamba alirudi kwa ajili yake. Shemeji Felisiani, baba yao, alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya turubai, mzee aliyekonda, fimbo katikati ya magoti, analia kweli. Nilipokwenda kumpa mkono hakuuachia upesi. Alisema, "Mama mdogo, nimeachwa na mke mwema." Nikaitikia. Haya nayaandika nikiwa mezani kwangu Bukoba.

Mwaka ule mimi nilikuwa nyumbani tu. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza, nafasi ya kuendelea sikupata, na wazazi walikuwa bado hawajaamua wanifanye nini. Ilikuwa kabla Kyerwa haijawa wilaya yake, wakati kote huko kukiitwa Karagwe. Dada alifika msimu wa kuvuna kahawa, jua la mchana, ua wote umetandazwa mikeka ya kahawa mbivu, nyekundu, mimi nikiigeuza kwa mguu. Aliingia kwa njia ya migombani. Aliizunguka mikeka yote bila kukanyaga punje, kama mgeni anayeogopa kusemwa. Alikuwa na mfuko mmoja mkononi, na kifuani alikuwa bado amefunga mbeleko, fundo limekazwa vilevile, ila mgongoni hakukuwa na mtu. Mama alitoka jikoni akamwona. Akaitazama ile mbeleko. Alirudi ndani akaanza kumenya ndizi, na nilijua kwa sauti ya kisu kwamba anazimenya vibaya.

Habari yenyewe niliipata vipandevipande, nyingine kwa kusikia watu wakizungumza upande wa pili wa ukuta. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, kuta hazikufika kwenye bati, na aliyelala chumba cha watoto alisikia kila neno la sebuleni. Felisiani alikuwa akimpiga. Safari moja alimpiga kofi sikioni, na tangu siku hiyo sikio la kushoto likawa halisikii vizuri. Lakini siku aliyofukuzwa hakupigwa. Alimjibu mama mkwe maneno ambayo mkwe hajibiwi, mume akamwambia aende kwao akafundishwe, na alipokuwa ameshafika njiani, mtoto mgongoni, yule mama akamfuata na wanawake wengine wawili wakamfungua mtoto. Walisema mtoto ana ukoo. Anatolia alikuwa hajaanza kutembea, bado ananyonya. Jovini, mwenye kama miaka minne, alibaki amekaa kizingitini, anatazama.

Tulilala chumba kimoja mimi na Dada. Wiki za kwanza alikuwa akijifunga kanga kifuani kwa nguvu, kwa sababu ya maziwa, na asubuhi kanga ilikuwa imelowa na kukauka na kuwa ngumu kama karatasi. Aliifua mwenyewe, mapema, kabla Mama hajatoka. Mchana hakufanya kazi yoyote hadi mwisho. Alianza kufagia akaacha ufagio katikati ya ua. Tulipokula, alikula amesimama, karibu na mlango. Nilijizoeza kukaa upande wake wa kulia ili nisilazimike kupaza sauti. Jioni moja nikamsikia Baba akimwambia Mama kwamba yeye anaweza kuvumilia kilio, kile asichoweza kuvumilia ni kumsikia binti yake akitembea chumbani huku na huku kama ng'ombe aliyetengwa na ndama.

Ndipo akaja yule mtafiti. Watoto wa Kituntu walimwita Bwana Ndege, kwa kuwa siku ya kwanza mmoja wao alisikia kwamba ni mtu wa ndege, wakakimbia wote kwenda kuiona. Wakakuta pikipiki. Alikuwa Mpare, mrefu, amefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu, amepanga chumba kwenye nyumba ya wageni Omurushaka. Alimwendea Baba akamwomba ruhusa ya kukaa kwenye rweya yetu, ile nyasi tupu juu ya kilima ambako tulikuwa tukilisha ng'ombe, kwa sababu kutoka pale mtu huona kaskazini mbali kuliko popote. Alieleza kwamba kila mwaka, kwenye nchi za baridi kukianza kuwa kubaya, mwewe na tai na vipanga wa huko hufunga safari kuja kusini, wanapita juu ya vilima vyetu, na hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akawahesabu. Baba alimuuliza kuna faida gani kuhesabu mali isiyokuwa ya mtu. Bwana Ndege alifikiri, akasema hata kwao Upareni huulizwa hivyohivyo na hukosa jibu. Nadhani Baba alimpenda kwa jibu lile. Mtafiti alihitaji watu wawili wenye macho mazuri, mmoja wa kutazama na mmoja wa kuandika. Baba akasema anao, wako ndani.

Kumbukumbu yangu ya siku za mwanzo kilimani ni baridi. Tulipanda asubuhi ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, na migomba yote ya Kituntu imezama chini yake, tumebaki sisi watatu na vichwa vya vilima. Dada alikuja kwa kuwa Baba alisema aje. Alikaa juu ya jiwe, darubini shingoni, haangalii kitu. Halafu ukungu ulipopanda ikaonekana migongo ya vilima upande wa kaskazini na magharibi, mmoja nyuma ya mwingine, wa mwisho umefifia hadi unakaribia kuwa mbingu. Bwana Ndege alisema ndege hutokea pale. Dada akasimama. Aliuliza pale ni wapi. Akajibiwa kwamba kwa ramani ni Nkwenda, ni Kaisho, ni huko kote. Akaweka darubini machoni, na nikamwona kwa mara ya kwanza tangu aje akitulia na kitu kimoja kwa muda mrefu. Baba alituambia baadaye kwamba mgongo ule si Nkwenda, ni vilima vya upande wa huku tu vinavyoziba. Dada alisema sawa, Baba. Kesho yake aliutazama vilevile.

Ndege wenyewe walianza kidogokidogo. Alipita mwewe mmoja, wawili, halafu kutwa nzima hamna. Mvua zilipokolea wakaja. Hewa ikipata joto, kama saa nne za asubuhi, walianza kupanda kutoka mabondeni wakizunguka, wanazunguka juu ya sehemu moja bila kupiga bawa, kumi, ishirini, mia, wanapanda hadi wanakuwa kama punje za ulezi, halafu aliye juu kabisa anajiachia kuelekea kusini, na wengine wanamfuata kwa mstari. Bwana Ndege alitufundisha kutowahesabu wanapozunguka, maana utarudia yuleyule. Subiri waondoke, uwahesabu kwenye mstari. Dada aliuita ule mzunguko gulio. "Gulio limejaa," alisema, na baadaye, "linafumuka, Ade, andika." Mimi nikaandika. Alijifunza haraka. Mwewe alimjua kwa mkia uliopasuka, yule tai mkubwa wa kahawia kwa mabawa yaliyotandazwa kama ubao. Yule kipanga mnene, ambaye mtafiti alimwita shakivale, neno ambalo hatukuwa tumelisikia maishani, Dada alisema unamtambua kama unavyowatambua watu wanaotoka kanisani, kwa mwendo, kabla hujaona uso.

Siku moja alimuuliza Bwana Ndege swali ambalo naamini alikuwa amelibeba kwa muda. Ndege akiwa juu ya Nkwenda, atafika hapa baada ya muda gani? Mtafiti akasema upepo ukiwa mzuri ni kama muda wa kuivisha maharage. Baadaye, tulipobaki wawili, tunakula ndizi baridi kutoka kwenye jani, shakivale wakipita juu yetu kundi baada ya kundi, alisema polepole, hakuniambia mimi hasa, "Hawa walikuwa juu ya Anatolia asubuhi hii." Tangu siku hiyo nikaelewa alichokuwa anahesabu. Kila aliyepita alikuwa ametoka kwa watoto wake, muda si mrefu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimega ndizi yangu nikamwekea upande wake wa jani.

Nasema haya kwa uchungu lakini lazima niyaseme: zile zilikuwa wiki njema kuliko zote za maisha yake nilizozishuhudia. Maziwa yalikauka. Mwili ulirudi. Alianza kula amekaa. Alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha ghafla, cha chini, ambacho nilikuwa nimekisahau tangu aolewe. Siku ambayo tai mmoja alishuka mbele yetu akaanza kuokota kumbikumbi akitembea kwa miguu kama kuku, tai mzima aliyetoka ng'ambo ya dunia anagombea kumbikumbi na kuku wa jirani, alicheka hadi akalala chali kwenye nyasi, na Bwana Ndege naye, mtu mkimya vile, alivua miwani akafuta machozi. Watu walianza kusema. Kisimani niliulizwa kama yule Mpare anahesabu ndege au anahesabu kitu kingine. Nimejiuliza sana miaka hii kama kulikuwa na jambo. Sidhani. Alimwita Bi Generoza, alimsikiliza, Dada alipotaja namba yeye aliipokea bila kuihoji. Labda kwa mwanamke aliyetoka alikotoka hilo peke yake lilitosha kumfanya anyooshe mgongo wake.

Mvua moja ya alasiri ilimzuia Bwana Ndege asirudi Omurushaka, akalazwa sebuleni kwetu. Mimi na Dada tukiwa chumbani, mvua imepungua, tulimsikia akizungumza na Baba. Alisema ndege hawa hurudi kaskazini mwezi wa tatu, na kwamba atawahesabu tena upande wa Arusha, na angependa Generoza aende, kuna nyumba ya wafanyakazi wanawake, kuna mafunzo, na akifanya vizuri atapata kazi ya kudumu. Alisema macho kama yale hajayapata chuoni. Baba aliuliza kama ni kazi ya heshima. Akaambiwa ni ya heshima. Baba akasema atafikiri, lakini sisi tulioijua sauti yake tulijua ameshakubali. Dada alikuwa amelala amegeukia ukuta, sikio zima juu. Nilimshika bega. Alipogeuka niliona anatabasamu kama mtoto aliyepewa kitu akadhani si chake.

Haukupita muda. Ilikuwa siku ya jua baada ya mvua za mfululizo, siku ambayo ndege waliokuwa wamezuiwa huja wote pamoja. Walikuwa wakipita bila kukatika tangu saa nne, tumeacha hata kula, Dada anataja na mimi naandika, mkono wangu unauma. Nikamsikia Mama akiita kutoka chini. Mama hakuwa na desturi ya kuita. Tulipotazama tukaona watu wamesimama uani: mzee mmoja, katekista wa kule Nkwenda niliyemjua kutoka harusini, Felisiani, na mtoto mdogo wa kiume amevaa shati jeupe. Dada aliwatazama kwa darubini. Alitazama muda mrefu, huku juu yetu ndege wakipita bila mtu wa kuwahesabu. Kisha alivua darubini akampa Bwana Ndege mkononi, akashuka mbio, anateleza, anashika nyasi.

Jovini hakumkimbilia. Alijificha nyuma ya yule mzee, ambaye alikuwa baba mdogo wa Felisiani, akamchungulia mama yake kama anavyochunguliwa mgeni. Dada alipiga magoti uani kwenye tope, hakumgusa, akabaki hivyohivyo hadi mtoto aliposogea mwenyewe akashika ncha ya kitenge chake. Waliingia sebuleni. Mama alitoa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kila mmoja akachukua punje zake, wakatafuna, wakaulizana habari za mvua na za mazao, maana jambo zito halianzwi moja kwa moja. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Katekista alizungumza vizuri. Alisema kijana amekosa na amekiri mbele ya wazee, amekuja na mbuzi na mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, na anaomba mke wake. Felisiani alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa kijana mzuri wa sura. Hilo nalo nalikumbuka.

Baba aliwasikiliza wote, halafu akamgeukia binti yake. "Generoza, umesikia. Mimi sikufukuzi na sikuzuii. Sema mwenyewe."

Dada alikuwa amekaa chini, Jovini amemlalia mapajani. Aligeuza sikio zima upande wa wageni. Hakuuliza kuhusu kofi, hakuuliza kuhusu mama mkwe. Aliuliza, "Anatolia anatembea?"

Yule mzee akasema anatembea, ila chakula ndicho anachokataa. Tangu mvua zianze amepungua sana, anakohoa, na usiku anaita.

"Nani alimwona akianza?"

Watu wakatazamana. Felisiani akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Mimi," alisema. "Alitoka mlangoni akaenda hadi kwenye mgomba wa kwanza. Akakaa chini."

Dada alimtazama. Nadhani alikuwa anatafuta katika uso wa yule mwanamume ile picha aliyoibeba mume na ambayo Dada mwenyewe hakuwa nayo: mlango, mgomba, mtoto akikaa chini. Halafu akasema, "Nitarudi." Katekista akamshukuru Mungu. Jikoni, Mama alikuwa ameshika sufuria tupu, hajaibandika mekoni, na hakuibandika hadi nilipoichukua mikononi mwake.

Nilimsihi. Chumbani, akikunja nguo zake chache, nilimwambia kila nilichoweza kufikiri: kwamba Baba anaweza kwenda kwa wazee kumdai mtoto, kwamba mwezi wa tatu si mbali, kwamba akipata kazi atarudi kumchukua Anatolia kwa nguvu zake mwenyewe, kwamba sikio la pili nalo litakwenda. Hilo la mwisho lilimuuma, nikaona. Aliendelea kukunja. Alisema, "Ndege wanapita nikiwepo na nisipokuwepo, Ade. Yule ameanza kutembea bila mimi." Kisha akaniomba nimtafutie kile kitenge cha bluu, kwa sababu Anatolia alikuwa akipenda kukishika akinyonya, labda kitamfanya amkumbuke.

Asubuhi yake alipanda kilimani kuaga. Bwana Ndege alikuwa amefika mapema kuliko kawaida. Sijui alikuwa ameambiwa na nani. Habari zilikuwa zimeshafika Omurushaka kabla hata rubisi haijaisha. Dada alimsalimia, akachukua darubini kama siku yoyote, akatazama kaskazini. "Wanne," alisema, "kulia kwa ule mti." Nikaandika wanne. Alisubiri hadi wa nne alipopita juu yetu. Akaiweka darubini juu ya jiwe, kwa uangalifu, akaigeuza ili vioo visipate vumbi. Bwana Ndege alimwambia nafasi yake ipo, mwaka huu au mwingine. Alitaka kumpa darubini ile, akasema yeye anayo nyingine. Dada akatikisa kichwa. "Asante, waitu," alisema kwa neno letu la heshima. "Nitasema nimepewa kwa kazi gani?" Akashuka.

Tuliwaona wakienda kwa njia ya barabara kuu, kutafuta gari la Omurushaka. Felisiani mbele na mfuko, katekista, mzee, na Dada nyuma. Alikuwa amemfunga Jovini mgongoni kwa mbeleko, ingawa mtoto alikuwa mkubwa mno kubebwa na miguu yake ilining'inia hadi kwenye magoti ya mama yake. Siku ile ndege walipita wengi. Najua walipita kwa sababu vivuli vilikuwa vikitambaa kwenye nyasi. Bwana Ndege aliketi ameshika darubini mbili, hakuinua hata moja, na baada ya muda akaniambia niende nyumbani nikamsaidie mama yangu.

Nilimaliza msimu nikiwa na binti wa jirani. Bwana Ndege aliondoka kabla ya Krismasi, akaniandikia barua ya sifa iliyonisaidia kupata chuo cha ualimu, na hakurudi tena. Nilisikia miaka mingi baadaye kwamba alifariki huko kwao. Baba hakumtaja tena. Ila kuna siku alikuwa akitengeneza kitanda cha kamba, mimi namshikia, akasema bila kuanzia popote kwamba alimwambia binti yake aseme mwenyewe kwa kuwa alidhani hiyo ndiyo haki, na kwamba sasa anaona ilikuwa sawa na kumuuliza mtu anayekufa kwa kiu kama anataka maji. Alivuta kamba akakaza fundo. Nimelitafakari neno lile katika umri wangu wote. Mimi mwenyewe nimekuwa mama, na sijapata bado mtu wa kumlaumu ambaye, nikimlaumu, moyo unatulia.

Anatolia alipona. Lazima niseme hivyo pia. Alipona, akanenepa, akaenda shule, na leo yupo, na watoto wake wapo, kwa sababu ya gari lile la Omurushaka. Kama Felisiani aliacha kumpiga mkewe, sijui. Dada hakuniambia, na barua zake zilikuwa za salamu na afya na mvua.

Nilikwenda kumtembelea mwaka uliofuata, mwezi wa senene, wale panzi wa kuliwa, nikitokea chuoni. Nilimkuta uani na ungo wa senene mapajani, anawatoa mabawa na miguu, mikono inakwenda yenyewe. Alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Alifurahi kuniona, akanishika uso kwa mikono miwili, akanipa kigoda upande wake wa kulia. Anatolia alikuwa anatembea kati yetu, anaokota mabawa na kuyapeperusha. Tulikuwa tukizungumza habari za Mama nilipoona, juu ya bati la jikoni, mwewe wa kwanza, halafu wengi, wanafuata senene, na nyuma yao, juu zaidi, wale wa kahawia wakubwa wakiwa wameanza kuzunguka. Lilikuwa kundi kubwa kuliko yote tuliyoyaona Kituntu. Anatolia akasimama, akanyoosha kidole juu, akamwita mama yake aone. Nilimtazama Dada. Kichwa chake kilikuwa kimeinama juu ya ungo, na vidole vilikuwa vimesimama. Midomo yangu ilikuwa inahesabu, nadhani, kwa mazoea, na yeye akaiona kwa pembe ya jicho.

Akasema kwa upole, bila kuinua kichwa, "Ade, usinihesabie."

Nikavuta ungo kidogo upande wangu, nikamsaidia kutoa mabawa.